Laptopu nyepesi ya safari na kazi: anza na betri na chaja, uzito ufuate

Swali limetoka kwa dada anayeishi Umoja na kufanya kazi na shirika la afya ya jamii. Nusu ya mwezi yuko Nairobi akiandika ripoti, nusu nyingine yuko Garissa au Lodwar akisimamia vijana wanaokusanya data. Ameandika hivi:

"Fundi, laptopu yangu ina kilo mbili na ushee, na chaja yake peke yake ni mzigo. Mgongo umeanza kulalamika. Nimeweka kando shilingi 60,000. Duka moja la Moi Avenue limenionyesha mpya kabisa, nyembamba, ya 38,000. Lingine lina ex-UK, zile zilizotumika Uingereza, EliteBook na ThinkPad. Mwenzangu kazini ananiambia nitafute MacBook Air iliyotumika, na binamu yangu anasema tablet yenye kibodi inatosha. Kazi yangu ni Excel, KoboToolbox ya kukusanyia data, DHIS2 ya takwimu za afya na mikutano ya Zoom. Ninunue ipi? Na hii ya zamani niifanyeje?"

Dada, nakupa jibu kwanza, sababu zifuate. Ningekuwa na hiyo elfu sitini na kazi kama yako, ningenunua ex-UK ya daraja la kiofisi, inchi 13 au 14, prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, RAM ya GB 16, hifadhi ya SSD ya GB 256, na inayochajiwa kwa tundu la USB-C. Hilo la mwisho nisingelilegeza hata kwa bei nzuri. Majina ya kutafuta: EliteBook 830 G6 au 840 G7, ThinkPad T14s au X1 Carbon kuanzia Gen 6, Latitude 7400. Kati ya hizo usichague kwa jina. Chukua ile utakayoikuta na betri nzima.

Nianze na uzito, kwa kuwa ndio uliokuleta. Mtu huingia dukani, akainua laptopu kwa mkono mmoja, akasema hii ni nyepesi, akalipa. Lakini barabarani hutabeba laptopu peke yake. Ndani ya begi kuna chaja yake, chaja ya simu, nyaya, daftari, maji, na sweta ya asubuhi ya Julai. Tazama namba zenyewe. X1 Carbon Gen 6 inaanzia kilo 1.13. T14s ya kwanza ni kama kilo 1.27, MacBook Air ya M1 ni 1.29, EliteBook 840 G7 kama 1.33. Ile 840 G5, ambayo imejaa sokoni kuliko zote, ni kama 1.48, na ThinkPad T480 inakaribia 1.6. Kutoka ya kwanza hadi ya mwisho tofauti haifiki nusu kilo.

Sasa shika chaja ya kizamani, ile ya pini ya duara yenye boksi katikati na waya mnene unaoishia kwa plagi ya pini tatu. Ikiwa na nyaya zake zote huweza kufika gramu 350 hadi 400. Chaja ndogo za siku hizi za USB-C za wati 65, zile zinazoitwa GaN, nyingi zina gramu mia na kidogo, na waya wake ni mwepesi. Tena hiyo hiyo inachaji simu yako, kwa hiyo chaja ya simu unaiacha nyumbani. Ukijumlisha, laptopu ya kilo 1.3 yenye chaja ndogo inashinda begini laptopu ya kilo 1.1 yenye chaja nzito na chaja ya simu juu yake. Na siku ambayo betri inakutosha kuanzia asubuhi hadi jioni, chaja yote unaiacha, na hapo ndipo mgongo utakaposikia nafuu ya kweli. Ndiyo maana nasema uanze na betri na chaja.

USB-C ina faida nyingine ambayo mtu wa Nairobi tu hawezi kuithamini kama wewe. Chaja ikiungua Lodwar, ya pini ya duara utaitafuta wapi? Pini za HP, Dell na Lenovo hazifanani, na hata ndani ya kampuni moja zimebadilika miaka na miaka. Ya USB-C utaazima kwa mwenzako. Kuna pia chaja za gari za USB-C za wati 65 zinazochomekwa pale pa kuwashia sigara. Kwenye gari la shirika, safari ya Garissa ya kilomita zaidi ya 350 inatosha kujaza betri ukiwa umelala. Na stima ikipotea siku nzima, pawabanki inaokoa ripoti.

Hapo kwenye pawabanki pana mtego. Ile iliyoandikwa 20,000 mAh ina kama Wh 74 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri), kwa sababu seli za ndani ni za volti 3.7. Sehemu ya hiyo hupotea kwa joto volti zinapopandishwa hadi 20 ambazo laptopu inataka, kwa hiyo hesabu Wh 55 au 60 zitakazofika. Inajaza betri ya laptopu mara moja hivi. Lakini sharti iandikwe PD (Power Delivery, mfumo wa kuchaji kwa nguvu kupitia USB-C) na itoe angalau wati 45. Nyingi za bei rahisi pale Luthuli Avenue hutoa wati 18 au 22.5; simu inazipenda, laptopu nyingi zinazikataa. Ukipanda ndege, pawabanki hukaa kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege, na kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni Wh 100. Ukiwa Nairobi iache nyumbani, maana nayo ina uzito wake.

Tahadhari moja: laptopu kuwa na tundu la USB-C hakumaanishi inachaji kupitia hapo. Kuna zinazopitisha data tu. Usiulize, jaribu. Mwombe muuzaji chaja ya Type-C ya wati 65, ichomeke, uangalie alama ya betri kama inaonyesha inachaji. Zikiwa tundu mbili, jaribu zote mbili, kwa sababu tundu la USB-C linalocheza au lililolegea ni ugonjwa wa kawaida kwa mashine zilizotumika.

Sasa betri. Hapa nakuomba usione haya kukaa dukani muda mrefu. Muuzaji mwaminifu hatachukia. Laptopu ikiwa imewaka, bonyeza alama ya Windows, andika cmd, fungua kile kidirisha cheusi. Andika powercfg /batteryreport kisha Enter. Kitakuambia faili imehifadhiwa wapi, ifungue. Shuka hadi palipoandikwa Installed batteries. Kuna mistari miwili ya kutazama: DESIGN CAPACITY ni ujazo iliozaliwa nao, FULL CHARGE CAPACITY ni ujazo iliobaki nao. Tuseme wa kwanza unasoma 50,000 mWh na wa pili 34,500. Betri hiyo imebaki na asilimia 69.

Hiyo ina maana gani kwa siku yako? Ukiwa kwenye Excel na kivinjari, mwanga wa skrini katikati, laptopu za aina hii hula kama wati 6 hadi 8. Gawanya: Wh 34.5 kwa 7 ni saa tano kasoro. Ingekuwa na ujazo wake wote wa Wh 50 ungepata saa saba. Zoom hula karibu mara mbili ya hapo, kwa sababu kamera, spika, Wi-Fi na prosesa vyote vinafanya kazi pamoja, kwa hiyo mkutano wa saa mbili utakaribia kuimaliza betri iliyochoka. Mstari wangu mimi ni asilimia 80. Ikiwa chini ya hapo, ama bei ishuke kwa gharama ya betri mpya, ama betri ibadilishwe ukiwa umesimama pale.

Zipo pia betri za bandia ambazo chipu yake imeandikwa namba za kupendeza. Kwa hiyo ripoti isikutoshe. Chomoa chaja, pandisha mwanga hadi mwisho, weka video ya YouTube, uiache dakika 20 huku ukikagua mengine. Betri nzima hushuka kama asilimia 8 hadi 12. Ikishuka 20, au ikiruka ghafla kutoka 60 hadi 40, irudishe. Halafu ifunge na uilaze juu ya meza iliyonyooka. Ikiyumba, au padi ya kipanya ikiwa imeinuka upande mmoja, betri imevimba. Hiyo usiichukue hata kwa nusu bei. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto.

Joto la Garissa na Lodwar ni jambo ambalo duka la Nairobi halitakukumbusha. Betri za lithiamu huchakaa upesi zikikaa kwenye joto, na vibaya zaidi zikiwa zimejaa kabisa. Apple yenyewe huandika kuwa laptopu zake zinafaa kutumika kati ya nyuzijoto 10 na 35, na mchana wa kule unapita hapo bila shida. Mambo mawili yatakusaidia. Usiiache kamwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata kwa saa moja ya chakula. Na uweke kikomo cha kuchaji cha asilimia 80 kwa siku ambazo uko karibu na soketi: ThinkPad, Latitude na EliteBook zote zina mpangilio huo, kwenye programu ya kampuni au kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Siku ya safari unaondoa kikomo ijae. Vumbi nalo huziba feni. Kwenye nyingi ya mashine hizi fundi hufungua mfuniko wa chini kwa skrubu chache na kuipuliza kwa muda mfupi. Fanya hivyo baada ya kila msimu wa kiangazi.

Kwa nini nasisitiza kizazi cha 8? Sababu ni mbili, na zote ni kubwa. Intel ilipotoa prosesa hizo za laptopu mwaka 2017, i5 ya mashine nyembamba ilitoka kwenye viini (cores) viwili ikaenda kwenye vinne. Tofauti unaiona ukifungua DHIS2 yenye jedwali refu huku Zoom inaendelea. Ya pili: Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda mbele, isipokuwa chache sana. Ndiyo maana mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zimekuwa za bei ya kuvutia. Wengine huziwekea Windows 11 kwa njia ya kuzunguka, zikawaka vizuri dukani, lakini Microsoft haizitambui na haikuahidi kuzipa masasisho. Kwa mtu anayebeba data za wagonjwa, masasisho ya usalama si pambo.

Kusoma kizazi ni rahisi. Bonyeza kulia kwenye alama ya Windows, fungua System, tazama jina la prosesa. i5-7300U ni ya kizazi cha 7. i5-8350U ni cha 8. i5-10310U ni cha 10, na i5-1135G7 ni cha 11. Kibandiko cha pale pembeni ya kibodi usikiamini, vibandiko huuzwa. Kwa kazi yako i5 inatosha kabisa. Pesa za kuongeza ili upate i7 zipeleke kwenye RAM na betri.

RAM ya GB 8 itakubeba, ila ukifungua vichupo kumi vya Chrome na faili kubwa ya Excel utaanza kusubiri. GB 16 ndiyo ya kutafuta. Uliza kama inaweza kuongezwa. EliteBook 840 G5 na G7 zina nafasi mbili za RAM, unaweza kuanza na 8 ukaongeza baadaye. X1 Carbon na T14s RAM yake imechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo utakayonunua ndiyo utakayozeeka nayo. Huo ndio ushuru wa wembamba.

Skrini ikague ukiwa umesogea mlangoni penye jua, si chini ya taa za dukani. Ikataliwe yoyote yenye nukta 1366 kwa 768. Tafuta 1920 kwa 1080. Baadhi ya EliteBook zina skrini ya faragha iitwayo Sure View, ambayo huwashwa na kuzimwa kwa kitufe chenye alama yake pale juu ya kibodi. Aliyeketi karibu nawe kwenye matatu haoni unachoandika, jambo zuri kwa data zako, lakini kwenye matoleo ya mwanzo rangi hufifia hata ikiwa imezimwa. Itazame kwa macho yako uamue. Skrini ya kugusa mimi sikushauri: inaongeza uzito na kula betri, na Excel haiihitaji.

Nije kwa ile mpya ya 38,000. Sijaiona, ila bei hiyo kwa laptopu mpya na nyembamba mara nyingi inakuja na prosesa dhaifu ya Celeron, RAM ya GB 4, na hifadhi ya polepole ya eMMC ya GB 64 au 128 iliyochomelewa. Usiulize kama ni mpya, uliza hayo matatu. Windows 11 kwenye GB 4 itawaka, kisha itakuchosha kila siku. Hifadhi ya GB 64 hujaa kwa masasisho yenyewe. Bawaba zake mara nyingi zimeshikiliwa na plastiki, na laptopu ya safari hufunguliwa na kufungwa mara nyingi mno kwa siku. Mashine ya kiofisi ya mwaka 2019 iliyotengenezwa kwa alumini au magnesiamu, ambayo mwanzoni iliuzwa kwa bei mara kadhaa ya hiyo, ina umri mrefu mbele yake kuliko hiyo mpya. Wakikuambia ina prosesa ya N100, RAM ya GB 8 na SSD halisi, hiyo inavumilika kwa kuandika, ila bado nisingeipeleka Lodwar.

Mwenzako wa MacBook hakosei, anajibu swali la mtu mwingine. MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020 ni mashine nzuri sana: haina feni, kwa hiyo haivuti vumbi, na betri yake ndogo ya Wh 49.9 inakaa kuliko zote nilizozitaja kwa sababu prosesa inakula kidogo mno. Kama kazi yako ingekuwa kuandika na kuhariri, ningekuambia nenda. Lakini wewe ni mtu wa Excel. Excel ipo kwenye Mac, ila Power Query yake, zana ya kusafisha data, haijakamilika kama ya Windows, makro nyingine (amri za kujiendesha) zilizoandikwa ofisini kwenu zitagoma, na programu za Access na Power BI Desktop hazipo kabisa. Uliza mtu wenu wa TEHAMA kama kuna lolote kati ya hayo mnalolitumia. Kama hakuna, na umepata ya M1 yenye historia safi, fikiria. RAM na hifadhi yake haviongezwi, na kwa pesa zako huenda ukapata ya GB 8 tu.

Kaa mbali na MacBook za Intel. Mwaka 2025 Apple ilitangaza kuwa macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel. Hasa zile Air za mwaka 2018 na 2019: vitufe vyao ni vya aina ya kipepeo, ambavyo punje ya mchanga ikiingia chini herufi inakwama au inajirudia, hadi Apple ikalazimika kuanzisha mpango wa kuvitengeneza bila malipo. Fikiria kitufe hicho kwenye upepo wa Turkana.

Tablet waachie vijana wako. KoboCollect ni ya Android, wanaokusanya data wanaifaidi sana kwa tablet au simu. Wewe unayesafisha data na kuandika ripoti utateseka: Excel ya tablet za Android na iPad haiendeshi makro, na jedwali la safu thelathini kwenye kioo kidogo ni adhabu.

Sasa ununuzi wenyewe. Ukishuka Kencom au Odeon utakutana na mabroka wanaokuuliza "laptopu, dada?" kabla hujavuka barabara. Chao huongezwa kwenye bei yako. Ingia mwenyewe kwenye maduka matatu au manne ya Moi Avenue, Luthuli au Kimathi yenye kaunta ya kudumu, linganisha, kisha rudi palipokuridhisha. Lipa kwa namba ya Till inayotoa jina la duka, usitume kwa namba ya mtu binafsi. Risiti iandikwe aina ya laptopu, namba yake ya kiwandani (serial number), na muda wa waranti. Iombe iwe ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA. Namba hiyo ilingane iliyobandikwa chini ya mashine na ile inayoonekana ndani ya BIOS. Uliza kwa kinywa kipana kama waranti inagusa betri, kwa sababu maduka mengi huiacha nje pamoja na chaja.

Kuna kufuli tatu zinazowaliza wanunuzi wa ex-UK, kwa kuwa mashine hizi zilikuwa za makampuni. Kwanza, nywila ya BIOS. Izime, iwashe, ubonyeze F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell. Ikiingia bila kuuliza nywila, vizuri. Ikiuliza, muuzaji aiondoe au akupe nyingine. Kwenye ThinkPad nywila ya msimamizi ni kazi ngumu hata kwa fundi. Pili, usajili wa kampuni kwenye Windows. Omba mashine irejeshwe mwanzo kabisa, kisha uiandae mwenyewe pale dukani huku imeunganishwa na hotspoti ya simu yako. Intaneti ni lazima, bila hiyo kufuli halijitokezi. Ikifika mahali ikakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kutaka barua pepe ya kazini, bado ni yao. Tatu, kwa MacBook, maandalizi hayo hayo: yakitokea maneno Remote Management, au ikadai Apple ID ya mtu mwingine, rudisha hata kama muuzaji anasema atarekebisha kesho.

Kibodi nayo. Nyingi zinazotoka Uingereza zina mpangilio wa huko: Enter ni kubwa ya ngazi mbili, juu ya 3 kuna alama ya pauni, na @ iko karibu na Enter badala ya juu ya 2. Windows ikiwa imewekwa ya Marekani, utabonyeza @ itoke alama ya kunukuu, na utadhani kibodi imeharibika. Nenda kwenye mipangilio ya lugha uchague kibodi ya United Kingdom, yote yanakaa sawa. Kisha fungua Word uandike kila herufi, kila namba, na ujaribu padi, kamera, maikrofoni, spika na kila tundu.

Hukuuliza juu ya data za wagonjwa zinazopita mikononi mwako, nami siwezi kupita hapo. Laptopu nyepesi ni nyepesi pia kwa mwizi. Kiti cha dirishani matatu ikisimama kwenye foleni karibu na Globe au Muthurwa si mahali pa kuifungua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na zikiangukia mikono isiyostahili kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, shirika lenu lina saa 72 tangu lijue kumjulisha Kamishna wa Data. Kwa hiyo siku ile ile ya kununua, washa BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski nzima. Mashine nyingi za kiofisi huja na Windows Pro, ambayo inayo tayari. Diski ikishafungwa hivyo, aliyeiba amepata chuma, hakupata majina ya akina mama wa kliniki. Ufunguo wa kurejesha uhifadhi kwa akaunti yako au uupe ofisi. Usiuandike kwenye karatasi ukaiweka ndani ya begi hilo hilo. Faili za kazi zihifadhiwe pia kwenye hifadhi ya mtandaoni ya shirika kila unapopata intaneti, maana kinachouma zaidi ni kupoteza fomu ambazo watu walikaa juani kuzijaza.

Usitumie elfu sitini yote kwenye mashine. Bakiza ya chaja ndogo ya wati 65 kama duka linakupa ya zamani, ya mfuko laini wenye sponji, na kama unaweza, ya pawabanki ya PD. Begi lenye mikanda miwili ya mabegani, tafadhali, si la kuning'iniza upande mmoja.

Kuhusu ya zamani: usiiuze na diski yake ndani. Ikiwa ni HDD ya kuzunguka, hicho ndicho chanzo cha uvivu wake. Mwambie fundi aitoe, umpe SSD ya SATA ya GB 240 badala yake. Hata kama ni ya miaka mingi, itafufuka kwa kazi ya nyumbani, na ikiwa haikubali Windows 11 itafaa kuwekewa Linux Mint kwa watoto wa shule. Ile diski iliyotolewa ichukue mwenyewe mkononi. Kufuta faili na kumwaga pipa hakuondoi data, programu ya bure inaweza kuzirudisha. Mwombe fundi aiandike upya yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, kazi inayochukua saa kadhaa, au uipeleke ofisini kwenu iharibiwe na iandikwe kwenye rejista.